Simulizi yako, jina la mwingine: maswali ninayoulizwa juu ya wizi wa maandishi na hakimiliki

Nina steshenari Mwanga, hapa Kigoma mjini. Nachapa barua za kazi, mitihani ya shule, katiba za vikundi vya kuweka na kukopa. Siku hizi wanakuja pia vijana na akina mama wenye madaftari ya simulizi, wanaotaka zichapwe ili wazirushe Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp kipande baada ya kipande. Wengi huondoka na maswali mengi kuliko waliyokuja nayo. Mimi si wakili, ni mchapaji, nami naandika simulizi zangu. Nimeyakusanya hapa yale ninayojibu karibu kila wiki.

Wizi wa maandishi na hakimiliki si kitu kimoja?

Hapana, na watu wengi huteleza hapa. Wizi wa maandishi ni kulivalisha neno la mwenzio jina lako. Ni kosa la uaminifu: chuo kinaweza kukufukuza kwalo, wasomaji wanaweza kukususa, hata pale ambapo hakuna sheria uliyovunja. Hakimiliki ni mamlaka ambayo sheria inampa mtunzi juu ya kazi yake: nani ainakili, nani aiuze, nani aitafsiri, nani aisome hadharani.

Mtu akirusha riwaya nzima kwenye grupu, kava na jina la mwandishi vikiwa vimeonekana vizuri, hajajifanya yeye ndiye aliyetunga. Hajafanya wizi wa maandishi, ila hakimiliki ameivunja. Sasa geuza. Mtu anachukua beti za Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, anatia jina lake chini. Muda wa ulinzi wa beti hizo hapa nchini umekwisha, hakuna ada anayomnyima mtu. Lakini ni mwizi wa maandishi, tena wa mchana kweupe. Na yupo wa tatu, ndiye ninayemwona zaidi: ananyofoa simulizi ya mtu anayeishi, anafuta jina, anatia lake, anauza. Huyo kafanya yote mawili.

Nimeandika "kwa hisani ya mwandishi" chini yake. Si inatosha?

Haitoshi. Ukichukua baiskeli ya jirani bila kumwomba, kisha ukatangaza mtaa mzima kwamba ni ya jirani, bado hujamwomba. Na neno "hisani" lenyewe maana yake ni kwamba mtu amekufanyia wema. Kama hukumuuliza, wema huo umetoka wapi? Mtumie ujumbe. Wengi hukubali, na ule ujumbe wa kukubali ndio ruhusa yako: uhifadhi.

Lazima nisajili kazi ndipo iwe yangu?

Si lazima. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi kwa sababu moja tu, kwamba umeibuni. Kama ni nzuri au mbaya, kama imo kwenye daftari la shule au kwenye simu, sheria haijali. Alama ya © nayo si sharti. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za watunzi, tangu 1994, na mkataba huo, ambao ulianza 1886, unakataza nchi wanachama kuweka taratibu za usajili au alama kuwa sharti la ulinzi kwa kazi za wageni wao. Ule msemo "haki zote zimehifadhiwa" umetokana na mkataba mwingine wa nchi za Amerika uliotiwa saini Buenos Aires mwaka 1910. Sisi tumeurithi kwa mazoea tu. Hauna ubaya, uweke ukipenda, unamkumbusha msomaji kwamba mwenyewe yupo.

Hata hivyo kusajili kuna faida. COSOTA, iliyoitwa Chama cha Hakimiliki na sasa ni Ofisi ya Hakimiliki, hupokea kazi za maandishi. Cheti chake hakikupi haki ambayo hukuwa nayo, ila kinakupa karatasi yenye tarehe, na siku ya ugomvi karatasi yenye tarehe ina thamani. Kwa shairi moja la Facebook mimi singejisumbua. Kwa riwaya unayotaka kuiuza, ningesajili.

Nikiibiwa, nitathibitishaje kwamba ni yangu?

Hili nimeliishi. Miaka michache iliyopita niliandika simulizi ya mama mmoja muuza samaki, nikaiweka Ujiji. Baada ya miezi miwili dada yangu akanipigia: "Mdogo wangu, mbona simulizi yako ninaisoma kwenye ukurasa wa mtu mwingine, na yule mama amehamia Mwanza?" Nikafungua. Kweli. Ujiji imekuwa Kirumba, Ziwa Tanganyika limekuwa Ziwa Victoria, jina langu halipo. Nikamwandikia mwenye ukurasa, akajibu kwamba ametunga yeye, na kwamba nina wivu.

Kilichomponza ni samaki. Alibadili majina ya mahali pote, akasahau kitoweo. Mama wa watu ameketi Mwanza anauza migebuka! Mtu yeyote wa huku anajua mgebuka ni wa Tanganyika. Victoria una sato na sangara. Niliweka vipande viwili sambamba, wasomaji wakamaliza wenyewe. Usiku ule ule aliifuta.

Nilibahatika. Usitegemee samaki. Tunza daftari la kwanza lenye kufutwafutwa, maana mwizi huwa na nakala safi tu, hana makosa ya njiani. Jitumie kila sehemu kwa baruapepe kabla ya kuirusha, itabaki na tarehe. Kama unaandika kwenye programu inayohifadhi historia ya mabadiliko, usiizime. Mtumie mtu mmoja unayemwamini rasimu, yeye atakuwa shahidi. Na ukirusha sehemu, andika jina lako ndani ya maandishi yenyewe, pale baada ya "ilipoishia" na kabla ya "songa nayo", si mwanzoni peke yake. Jina la juu hukatwa kwa kidole kimoja.

Nikibadili maneno, bado ni wizi?

Inategemea umebadili nini. Nitatoa mfano wa sentensi yangu mwenyewe:

"Jua la Ujiji lilipozama, ziwa likabaki limejikunja kama shuka lililoachwa kitandani, na mama akaanza kuhesabu mitumbwi isiyorudi."

Mtu ananiletea hii:

"Jua la Ujiji lilipotua, ziwa lilibaki limekunjamana kama shuka lililosahauliwa kitandani, naye mama akaanza kuhesabu boti ambazo hazijarudi."

Anaapa kwamba ameandika upya. Hajaandika. Ametembea nyuma yangu akikanyaga nyayo zangu: jua, ziwa, shuka, hesabu, kwa mpangilio ule ule. Maneno kadhaa yamebadilika, fikra haijabadilika hata moja. Ule mfano wa shuka ndio jasho langu, na ndio alioubakiza.

Sasa kama kilichomgusa ni mwanamke anayesubiri wavuvi, hilo si langu. Wanawake wamesubiri wavuvi Kibirizi kabla sijazaliwa. Angeweza kufunga ukurasa wangu, akakaa, akaandika:

"Mama hakulala. Kila karabai iliyokaribia ufukwe aliisimamia, akaitazama mpaka ikajulikana ni ya nani, kisha akaketi tena."

Hiyo ni yake, na sina la kumdai. Unapotaka kujua uko upande gani, fanya hivi: soma, funga, pumzika siku moja, andika bila kuchungulia. Ukichungulia unakili, hata kama hukusudii.

Kwa wanafunzi kuna la kuongeza. Hoja ukiichukua kwa mtu, mtaje, hata kama maneno yote ni yako. Vyuo hupitisha kazi kwenye programu za kukagua mfanano, na mimi kabla ya programu hizo huwa nimeshaona: sentensi tatu kwa herufi za aina moja, ya nne herufi nyingine, na katikati neno la bluu limepigiwa mstari, lilikuja na kiungo chake kutoka intaneti. Huwa namwonyesha mwenye kazi, nanyamaza. Wengi hurudi nyumbani kuandika.

Kuna mtu ameiba wazo langu. Nimshitaki?

Wazo halina mwenyewe. Sheria inalinda namna ulivyolieleza, si wazo lenyewe. Ukiandika simulizi ya mapenzi yaliyoanzia ndani ya MV Liemba, nami kesho nikaandika mapenzi ya ndani ya MV Liemba, tumekutana tu melini.

Habari za kweli nazo ni hivyo hivyo. Kwamba meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927, hayo ni ya kila mtu. Kwamba Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, vivyo hivyo. Ila aya ambayo mwenzio ameisuka kutokana na habari hizo ni yake. Chukua miaka, acha sentensi.

Naweza kunukuu maneno mangapi?

Watu wanataka namba. Wengine wameshajipa: eti maneno thelathini ni halali, eti mistari minne ya wimbo haina shida. Sheria yetu haina namba hiyo. Inasema nukuu iwe ya haki, isizidi kinachohitajika kwa kusudi lako, itoke kwenye kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma, na utaje chanzo na mtunzi. Ukichambua riwaya ya kurasa mia mbili na kunukuu aya mbili unazozijadili, uko salama. Ukinukuu shairi lote la beti tatu kisha ukaongeza "nimelipenda sana", huo si uchambuzi.

Nimeandika hadithi aliyonisimulia bibi Kasulu. Ni yangu?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na halina jibu la ndiyo au hapana.

Kisa cha sungura na fisi kilichosimuliwa na Waha kwa vizazi si chako wala si cha bibi, ingawa bibi ndiye aliyekitunza. Maneno yako uliyoyaandika ni yako: namna ulivyofungua, mazungumzo uliyoyatunga, vichekesho ulivyotia. Mwingine kutoka Buhigwe akiandika kisa hicho hicho kama alivyosikia kwao, hajakuibia.

Lakini ile sheria ya 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Zikitumiwa kibiashara, tena nje ya mazingira yake ya asili, ruhusa inahusu Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Kutunga kazi yako mpya iliyochochewa na kisa cha jadi ni jambo tofauti na kukiuza kama kilivyo, na wengi wetu tuko upande ule wa kutunga. Kwa vyovyote, taja kilikotoka: ni kisa cha Waha, umekipokea Kasulu. Nami naongeza kitu ambacho hakimo kwenye sheria yoyote: mtaje na bibi, kama mwenyewe ameridhia. Nimechapa vitabu vidogo vya ngano ambamo mkusanyaji ameshukuru mpaka fundi wa kompyuta, na msimulizi hakutajwa.

Methali na vitendawili tumia utakavyo.

Nimetafsiri hadithi ya Kiingereza kwenda Kiswahili. Kazi ni yangu sasa?

Tafsiri ni kazi, na kwa jasho lako una haki juu ya Kiswahili chako. Ila kuruhusu tafsiri ni haki ya mtunzi wa kwanza. Bila ruhusa yake umejenga kwenye kiwanja cha mtu: matofali yako, ardhi yake. Na kwamba yeye yuko Nigeria au Uingereza haibadilishi kitu, maana nchi hizo nazo zimo kwenye Mkataba wa Berne, na kila mwanachama hulinda kazi za mwenzake. Hali ni hiyo hiyo kwa wanaotafsiri Kifaransa kinachotuvukia kutoka Burundi na Kongo.

Kutafsiri kisha ukakaa kimya kwamba ni tafsiri ni kosa la pili juu ya la kwanza. Nimeona simulizi ya "Kigoma" ambamo theluji inaanguka dirishani.

Mtu anasoma simulizi yangu kwa sauti YouTube na anapata hela. Anasema hajanakili, amesoma.

Kuisoma hadharani, kuirekodi na kuisambaza ni miongoni mwa matumizi yanayohitaji ruhusa yako. Sauti ni yake, maneno ni yako. Kabla ya kumfuta, fikiri kama hutaki mwafikiane: jina lako litajwe mwanzo na mwisho, na mgawane. Muandikiane, hata kama ni kwa WhatsApp. Wapo wasomaji wazuri wa sauti ambao wangelipa kama mtu angewaambia bei.

Nauza sehemu za simulizi kwenye grupu la kulipia, mnunuzi mmoja anazirusha kwa wenzake bure.

Alinunua kusoma, hakununua kusambaza. Haki iko kwako, kumkamata ndiko kwenye kazi. Wenzangu hupachika alama ndogo tofauti kwenye nakala ya kila mnunuzi, hapa nukta ya ziada, pale jina la mpita njia limebadilika, ili ikivuja wajue imetokea kwa nani. Kisha wanamtoa kwenye grupu bila kelele. Ugomvi wa hadharani huwatangazia wengine kwamba kuna ya bure.

Picha ya kava nimeitoa Google.

Google haina picha hiyo, imekuonyesha tu ilipo. Ina mpiga picha. Tafuta zenye leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ambayo mwenye picha ameitoa mapema kwa umma, na usome leseni yenyewe: nyingine zinataka umtaje mtu tu, nyingine zinakataza biashara, nyingine zinakataza kuibadilisha. Au toka na simu yako jioni pale ufukweni, upige mwenyewe. Ziwa halidai.

Na Wikipedia?

Maandishi yake unaruhusiwa kuyachukua hata kwa kuuza, kwa masharti mawili: utaje chanzo, na kazi utakayoitengeneza kutokana nayo uitoe kwa leseni ile ile. Watu hukumbuka ruhusa, wanasahau masharti. Kwa kazi ya chuo, ruhusa hiyo haikuondolei kosa la kujifanya umeandika wewe.

Hakimiliki inadumu miaka mingapi?

Maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Euphrase Kezilahabi alifariki 2020, kwa hiyo kazi zake zitalindwa hapa nchini mpaka 2070. Warithi ndio wa kuombwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zina miaka 70, liangalie hilo kama unachapisha huko. Na angalia nakala unayoshika: utangulizi na maelezo yaliyoongezwa na mhariri wa juzi kwenye diwani ya zamani yana ulinzi wake mwenyewe.

Natumia jina la kalamu. Ninapoteza haki?

Hupotezi. Ila hakikisha kuna mtu au karatasi inayokuunganisha nalo.

Nimeandika nikiwa kazini.

Kama ni sehemu ya kazi unayolipwa, mara nyingi matumizi yake ni ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Mwalimu anayetunga mtihani wa shule aelewe hivyo. Mashairi yake ya usiku ni yake.

Akili mnemba imeniandikia. Niweke jina langu?

Sheria yetu inapomtaja mtunzi inamaanisha mtu. Marekani nako ofisi yao ya hakimiliki imeshikilia kwamba kazi isiyo na mkono wa binadamu haisajiliki. Kwa hiyo unaweza kujikuta unalilia simulizi ambayo huna haki nayo. Ikikusahihisha tahajia sawa. Ikikutungia, waambie wasomaji. Hata usipowaambia watajua: wahusika wake wote huongea kama barua ya ofisi.

Nimeibiwa leo. Nianzie wapi?

Usianze na matusi. Piga skrinishoti kwanza, zenye tarehe, jina la ukurasa na kiungo, kwa sababu ukimgutusha atafuta na utabaki na hasira tu. Kisha mwandikie faraghani, kwa adabu: hii ni kazi yangu, niliitoa tarehe fulani, naomba uiondoe au uweke jina langu ndani ya siku mbili. Wengi huishia hapo, maana wengi hawakujua.

Akikaidi, Facebook na YouTube zina fomu za kuripoti ukiukaji wa hakimiliki. Zimejengwa juu ya sheria ya Marekani ya mwaka 1998, na anayejaza ni mwenye kazi au mtu aliyetumwa naye. Mashabiki mia wakibonyeza "ripoti" hawawezi kukujazia nafasi hiyo. Jaza ukweli mtupu, kwa sababu unathibitisha kwa kiapo, na mwenzako ana nafasi ya kupinga. Ikiwa kuna fedha za maana ndani yake, nenda COSOTA, au umwone wakili juu ya kudai fidia mahakamani.

Mimi ndiye niliyechukua kazi ya mtu. Sikujua.

Iondoe leo, usingoje akukute. Mwandikie mwenyewe, mwambie ulichukua nini, kama ulipata hela mtajie kiasi. Usiandike "kama nimekukosea", umemkosea. Nilimchapia kijana mmoja barua ya namna hiyo mwaka jana, ya mistari sita. Mwandishi alimjibu, na sasa huyo kijana ndiye anayemhakikia makosa ya chapa kabla hajarusha.

Na wewe mchapaji, kazi yangu ikibaki kwenye kompyuta yako?

Faili hukaa wiki moja, ikiwa utarudi kusahihisha. Baada ya hapo nalifuta, na ukitaka nitalifuta ukiwa umesimama hapa kaunta. Daftari lako ondoka nalo. Na flashi tafadhali uje nayo isiyo na virusi.